Ua Yenye Kunukia Sabuni

Jua ilikuwa inaanguka nyuma ya mulima, na mimi nilikuwa natembea mu Kimemi, mutaa yetu ya Butembo, na sura yangu chini ya kwapa.

Hapana kukimbia, bado hatujafika ku bulozi. Ilikuwa affiches, makaratasi ya kutangaza maonyesho yangu, na sura yangu juu yake. Yaya wangu Virginie ni botaniste, mutu wa kusomea mimea, na mumea ya kusomea inakaushwa katikati ya makaratasi, inafinywa na mbao mbili na mikanda, sawa vile mama mukwe anafinya mukamwana. Butembo magazeti ni haba. Yenye inafika, bamama ba kuuza beignets, mandazi, banaikamata mbele ya yeye, juu ya kufungia. Basi kiisha kila spectacle nilikuwa namupelekea affiches yenye kubaki. Mimi ni comédien, mutu wa kuchekesha, naitwa Maliro. Ku affiche mudomo yangu iko wazi mupaka ku kimeo, nacheka. Nusu ya pori ya Mabalako imelala juu ya meno yangu.

Yaya alisomea Kisangani, akarudi na diplôme na malaria. Wakati barabara ilikuwa ingali na amani, alikuwa anatoka Beni, anapita Mangina, anaingia mu pori na panga, kamba na chumvi, anakaa kule mupaka sisi tunaanza kuomba misa. Alikuwa anapanda miti kama nyani, Mungu anisamehe, ni yaya wangu. Siku moja akavumbua muti yenye hakuna mutu alikuwa ameiandika bado. Professeur moja wa Ulaya akapokea sampuli, akaisifu sana, akaipatia jina ya baba mukwe wake. Muzee mwenye hajaumwa hata na siafu moja ya Mabalako. Yaya akafundisha, akaonyesha batoto ba batu namna ya kutambua muti ku jani moja tu, na leo bale batoto banatambua muti mbio sana, juu banauza mbao.

Kiisha vita ikafunga pori. Yeye akabaki na chumba moja nyuma ya nyumba, makabati mupaka ku dari, na kasirani.

Mu makabati ile kulikuwa mumea moja yenye ilikuwa inamunyima usingizi. Aliikuta mara moja tu, karibu na Mabalako, mu shamba ya batu benye kukimbia. Majani tu. Na mumea bila ua haipate jina, njo sheria ya kazi yao. Alitafuta ua yake miaka na miaka. Hakuna.

"Unachelewa," akaniambia siku ile, bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa natafuta sura yangu."

"Ulipata?"

"Ilikuwa inafunika beignets ya Mama Rébecca. Juu ya sura yangu, yaya, banunuzi balikuwa banauliza kama ni nyama."

Hakucheka. Alikuwa na Lusenge mu roho. Lusenge ni jirani wa chini, muuzaji wa mbao, mutu wa sauti mukubwa mu kanisa. Tangu mwaka uliopita alikuwa anasambaza maneno mu quartier: mwanamuke bila bwana, chumba yenye kufungwa, majani yenye kukauka, ni nini kama haiko mulozi?

"Na Jemima?" nikauliza.

Jemima alikuwa mutoto wa ndugu ya Lusenge, binti yatima kutoka Mabalako. Njo yeye alikuwa anateka maji kwa Lusenge, anapika, anafua, anapasua kuni. Jioni, kazi ikiisha, alikuwa anaoga na sabuni ya mawese na anakuja kwetu na nywele ingali na maji, kuangalia mimea. Alikuwa anaiita "batoto ba Docta," Docta njo yaya. Sasa tulikuwa hatumuone tena.

"Lusenge anasema alipanda camion, yuko anauza ku soko ya Kirumba," yaya akasema. "Jemima. Mwenye alikuwa anaogopa hata kuvuka barabara. Bila kuniaga."

Njo pale tukasikia maji.

Tangu wakati wa Ebola, ku mulango ya parcelle yetu kuko bidon ya maji yenye robinet, bomba kidogo. Ugonjwa ilienda, bidon ikabaki, yaya hakubali mutu aingie bila kunawa. Mutu alikuwa ananawa. Maji ilikuwa inaanguka ku changarawe... inaanguka... inaanguka.

"Bidon yote itaisha," nikasema, nikatoka.

Mama moja alikuwa ameinama pale, kitenge yenye kufifia, kichwa yenye kufunikwa. Kitu fulani ilikuwa chini ya kwapa yake, ndani ya jani ya mugomba.

"Wasibire," akasema polepole, vile bamama ba kwetu banasalimia jioni.

"Wasibire, mama. Inatosha, mikono imetakata."

Nikaangalia ile mikono.

Maji ilikuwa inatoka safi. Udongo ilibaki.

Udongo mweusi, chini ya makucha, mu mistari ya kiganja, mupaka ku kiwiko. Alisugua tena. Maji ikatoka safi kama ya kunywa. Mimi nikajiambia: bon, ni mafuta ya moteur. Mutu mwenye woga anapata maelezo mbio sana.

Mu chumba ya mimea, akaweka jani ya mugomba juu ya meza na akaifungua.

Yaya akasimama. Kiti ikaanguka nyuma yake. Ilikuwa ile mumea, nzima, na mizizi yake na udongo yake. Na katikati ya majani, ua moja. Nyeupe, pana kama kiganja ya mutoto, na ndani kabisa kidoa ya rangi ya ini.

Harufu ikajaza chumba.

Haikuwa harufu ya maua. Ilikuwa sabuni ya mawese. Na nywele yenye maji.

"Mama," yaya akanongona, "uliipata wapi?"

"Karibu."

"Mabalako?"

"Karibu," akasema tena, na akainua kidevu, akaonyesha chini ya mutelemuko. "Banasema mutu mwenye kuleta ua anaweza kuomba jina."

"Anaweza. Unataka jina gani?"

"Jemima."

Yaya ndiye aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepunguka:

"Jemima ni nani kwako?"

"Nilimuzaa."

Kiisha akageuka kutoka. Kwetu mugeni anasindikizwa, hata ukimuogopa. Nikamufuata mu njia ya chini. Alikuwa anatembea mbele yangu. Alifika ku ukuta ya Lusenge, upande wa nyuma, pale moshi ya jiko inatoka. Akageuka kushoto, mu ukuta.

Nikafika pale.

Hakuna mulango upande ule. Haijakuwa na mulango hata siku moja. Ni matofali tu.

Nikarudi mbio. Nilikuta yaya ameisha kulaza ile mumea katikati ya affiche yangu na kukaza mikanda, na alikuwa anacheka na kulia pamoja. Maisha yake yote ilikuwa pale chini ya mbao. Nikamuambia habari ya ukuta. Akanijibu: ni usiku unaingia na macho yangu imezeeka.

Kesho yake jioni akaniita. Hakuita na maneno mengi. "Kuja," akasema mu téléphone.

Mumea ikilala siku moja mu presse, zile mbao mbili, karibu na mbabula, jiko ya makala, inaanza kulegea, inakuwa kama mboga ya jana. Ile hapana. Yaya akafungua mikanda mbele yangu. Ua ilikuwa mubichi kuliko jana. Ilikuwa imefunguka zaidi. Ku affiche, maji ilikuwa imetoka ku mizizi na kuingia nafasi moja tu, mu mudomo yangu. Karatasi yote kavu, mudomo inalowa.

Mimi nimelipwa na batu kucheka miaka mingi. Ile cheko yangu yenye kulowa, sijapata kuogopa kitu kama ile.

"Angalia huku," yaya akasema.

Alikuwa ameosha mizizi na kuchunga udongo yake mu sahani, vile anafanyaka kwa kila mumea, juu udongo njo inasema mumea inatoka wapi. Udongo ya pori ya Mabalako, yeye anaijua kama mama anajua mavi ya mutoto wake. Mu sahani kulikuwa majivu. Vipande ya makala. Maganda ya maharage.

"Hii ni nyuma ya jiko ya mutu," akasema. "Hii haitoke hata Beni. Ni ya hapa."

Kiisha akavuta kitu fulani na kishikio yake ndogo, polepole. Uzi mweusi, uzi ya kusukia nywele. Muzizi ilikuwa imepita ndani yake, imejizungusha, imejisuka. Tatu juu ya tatu, kama ni mukono ya mutu ilisuka.

Wote wawili tulikuwa tunasikiliza barabara, juu barabara ilikuwa imeanza kuongea.

Ile harufu haikukaa mu chumba. Ilitoka mu madirisha, ikaingia mu njia, ikapita ku meza ya Mama Rébecca, na batu bakasimama na beignet mu mukono. Kila mutu wa Kimemi mwenye alikuwa anapishana na Jemima jioni alijua ile sabuni. Jina yake ikaanza kusemwa ku mulango moja, ku mulango ingine. Na Lusenge, mutu wa sauti mukubwa, akaikamata kama mupira.

Balikuja kabla giza haijafunga. Bijana, bapapa, hata mutu moja nilisimamia mutoto wake ku batizo. Lusenge mbele. Mutu moja nyuma yake alikuwa na bidon, na ile haikuwa ya kunawa.

"Docta, toka," Lusenge akasema. "Tupatie mutoto. Ulimukausha ndani ya makaratasi yako. Quartier yote inamunusa."

Mimi nikatoka kwanza. Nilijaribu kazi yangu. "Papa Lusenge," nikasema, "kama yaya alikuwa anajua kukausha batu, miye ningekuwa ndani ya kabati tangu zamani." Siku ingine batu mia bangeanguka na kucheka. Siku ile hakuna hata jino moja ilionekana. Jiwe ikapita karibu na sikio yangu, na nikajua: mutu mwenye amekataa kucheka, anaweza kila kitu.

Essence, petroli ya ile bidon, ikaruka ku chumba ya nyuma. Moto ikashika kabati ya kwanza.

Sikiliza muzuri. Miti yenye haiko tena duniani ilikuwa mule. Mimea yenye alitoa mu mitelemuko yenye leo ni visiki na makaburi, na siku za homa, na safari ya kutambaa. Karibu yote ikaungua kama majani ya kuwashia jiko, na bale batu balikuwa banapiga makofi. Tangu ile jioni niko na kasirani. Hakuna mutu alirudi kusema pole. Balirudi, ndiyo. Nitaeleza.

Yaya akatoka mu moshi na ile mumea ku kifua, ingali ndani ya affiche yangu.

Alisimama ku mulango. Mwanamuke mufupi, miwani yenye kuvunjika upande moja. Hakupaza sauti. Njo ile iliogopesha.

"Lusenge. Juzi ulisema mutoto yuko Kirumba. Leo unasema mimi nimemukausha. Chagua moja, tuiamini."

"Mulozi anajua kugeuza maneno."

"Maneno sikugeuza. Niko nakuuliza camion gani ilimubeba. Dereva ni nani. Alibeba nini. Alifunga nywele na uzi gani."

Lusenge akafungua mudomo. Na pale upepo ikageuka.

Moto ilikuwa mbele ya batu. Moshi ilikuwa mbele. Lakini ile harufu...

Mama Rébecca ndiye alisema, polepole, sawa mutu mwenye anaongea mu kanisa:

"Haitoke kwa Docta. Inatoka nyuma yetu."

Kila mutu akageuka. Chini ya mutelemuko, ukuta ya Lusenge ilikuwa inakuwa nyeusi na jioni. Sabuni ya mawese ilikuwa inapanda kutoka kule kama mutu ameisha kuoga sasa hivi na amefungua mulango.

Hakuna mutu alitoa amri. Batu balianza kutelemuka, kwanza mumoja, kiisha wote, bila kelele, na miguu yao ilikuwa inapiga udongo kama mvula ya kwanza. Lusenge alikuwa anasema, "Ni ujanja, ni ujanja yake." Alikuwa anasema kila mara chini zaidi.

Nyuma ya jiko yake kulikuwa lundo ya mbao, mbao muzuri, ya pori, tayari kwa kuuza. Balikuwa baliipanga pale mupya. Na katikati ya ubao na ubao, mu kila nafasi yenye kidole inaweza kupita, maua ilikuwa imetoka. Nyeupe. Nyingi. Wazi, zote zinaangalia upande moja.

Zilikuwa zinaangalia Lusenge.

Bijana bakaondoa mbao. Sitaandika yenye balikuta. Nitaandika tu kama kichwa yake ilikuwa ingali na uzi mweusi, na mutu mwenye alikuwa na bidon ya essence aliiweka chini na akatapika.

"Alikuwa na kichwa nguvu," Lusenge akasema. Hakuna mutu alikuwa amemuuliza. "Unamutuma, anajibu. Nilimupiga mara moja tu. Yeye njo alianguka mubaya."

Yaya akamukaribia mupaka kifua ku kifua. Nilifikiri atamupiga. Akachukua mukono yake, akaifungua kwa nguvu, na akaweka ua moja ya ile lundo katikati ya kiganja.

"Shika," akasema. "Ni mutoto wako. Nusa."

Bapolisi balimutwaa. Balimuachilia. Leo anauza mbao barabara ya Kirumba, na banaeleza kama anavaa gants mu mikono hata mu jua, juu mukono moja, anasugua, anasugua, haitakate.

Jemima tulimuzika sisi. Ku matanga nikauliza mama yake yuko wapi, nilitaka kumupa mukono. Bazee ba kutoka Mabalako bakaangaliana.

"Mama gani?" mumoja akasema. "Mama yake alibaki kule, siku mutoto alikimbia. Tulirudi kumutafuta. Hatukupata hata kitambaa. Tulizika mugomba mu nafasi yake, vile desturi inaomba."

Mugomba. Nikakumbuka ile jani juu ya meza.

Yaya akaandika jina ku ile mumea: Jemima. Iko mu kabati yenye ilipona. Haijakauka bado. Hataki nibadilishe affiche, na mimi siingie tena mu chumba yenye kabati ile iko.

Na batu, nilisema balirudi. Bale bale ba makofi. Banakuja jioni, mumoja mumoja, kofia mu mukono. Mwengine ndugu yake alienda shamba Mangina, hakurudi. Mwengine bwana yake alipita barabara ya Beni. Balileta udongo mu masanduku ya sabuni, mu mafuko, mu kitambaa. "Docta, nusa. Docta, kuja kwetu, kuko kitu imeota." Kule Mabalako, banasema, mashamba yenye batu baliacha imekuwa nyeupe. Nyeupe mupaka macho inachoka. Ua yenye alitafuta maisha yake yote, sasa iko kila pahali.

"Nilisomea maua," akaniambia jioni moja, na alikuwa anavunja penseli katikati ya vidole. "Maua, Maliro. Hakuna mutu alikuja wakati nilikuwa naonyesha mimea yenye inaponyesha. Pori inakatwa, hakuna mutu. Batu banachinjwa, hakuna mutu. Sasa bananiita docteur, juu najua kusoma makaburi."

Lakini anavaa viatu yake na anaenda.

Mimi nikarudi ku kazi yangu. Mutu lazima akule. Jumapili kiisha misa nilikuwa na spectacle mu salle moja, ukumbi ya Butembo, scène mupya, jukwaa ya mbao mupya, iko inanukia pori. Salle ilijaa mupaka batoto ku madirisha. Niliingia na ile sketch ya mama mukwe, batu balianguka na kucheka. Nilikuwa katikati, karibu kabisa na neno ya mwisho...

Sabuni ya mawese.

Nikasimama. Nikanusa. Salle ikacheka, balifikiri ni ndani ya sketch.

Nikapiga magoti. Kati ya ubao na ubao, chini ya mudomo yangu, kitu nyeupe ilikuwa inasukuma kidogo kidogo, kama ulimi.

"Nani iko hapa chini?" nikauliza.

Bakacheka mupaka machozi.

"Namuuliza mutu mwenye alijenga hii scène. Nani iko hapa chini?"

Bakapiga miguu chini, bakapiga makofi. Kila mara nilikuwa nauliza na kasirani zaidi, nao banacheka zaidi, juu njo kazi nilibafundisha. Mu mustari ya kwanza bwana moja tu alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anaangalia mulango.

Na mimi nikaangalia mulango.

Ku bidon ya kunawa, mama moja mwenye kitenge ya kufifia alikuwa ameinama. Alikuwa anasugua mikono, bila haraka, kama mutu mwenye angali na kazi mingi.

Maji ilikuwa inatoka safi.